Wasia wa Mjomba

Kikundi chetu cha maigizo mtaani Kirumba, Mwanza, kilinipa shilingi 20,000 nikanunue vifaa vya kumzeesha Mjomba. Kwa nini mimi? Dada yangu ana saluni. Ujuzi wangu ulianzia hapo na kuishia hapo hapo.

Mjomba alikuwa aigize mzee mvuvi aliyejeruhiwa na mamba, anakata roho mwaloni huku akitoa wasia. Dada akaniandikia karatasi: fandesheni, penseli ya wanja, sponji, gundi ya kope, pamba, rangi nyekundu ya chakula, poda makopo mawili. Hilo neno "mawili" alilipigia mstari. Nikazunguka kwa wachuuzi wa Makoroboi jua la saa saba, nilipofika kwenye poda nikajiuliza: mtu ana miaka 46, makopo mawili ya nini, anapelekwa kliniki? Nikachukua kimoja, kidogo. Chenji ikaishia kwa sato wa kukaanga, na kwa sato yule sijuti mpaka leo.

Jioni nikamkalisha Mjomba juu ya ndoo. Poda yote ikaisha kichwani kumpa mvi. Nikamwambia akunje uso kama mtu aliyekutana na mdai wake, kila mkunjo nikaufuata kwa wanja. Alizeeka kweli, mama mmoja akampisha kiti. Fandesheni nilishaichanganya na mafuta ya mgando ili isambae, na juu yake nikabandika ndevu za pamba. Damu nilipika mwenyewe: sukari na maji, rangi ya chakula, kakao kidogo isije ikaonekana juisi. Nikampaka shingoni kwa vidole vinne, makucha ya mamba hayo. Mjomba akailamba kidogo.

"Tamu," akasema.

Sasa, mwezi ulikuwa ndiyo kwanza unaandama, na sisi wa ziwani tunawajua wale wadudu wadogo wanaoibuka majini siku hizo, wanapanda kama moshi. Hawaumi. Wanafuata taa tu. Taa yetu ilikuwa moja, juu ya Mjomba.

Fandesheni ya mafuta haikauki yenyewe, poda ndiyo inayoishika. Bila poda, uso wa Mjomba ulikuwa mtego.

"Wanangu," akaanza, "mtumbwi namwachia..." Akatema wadudu. Jasho likaanza kuteremsha mikunjo kidevuni. Akajizaba kofi, wadudu wakabaki, ndevu zikahama. Mkewe wa kwenye igizo akamwangukia kwa kilio, "Mume wangu!", akamlalia shavuni. Alipoinuka, mwenye ndevu alikuwa yeye.

Mtoto mmoja mstari wa mbele akauliza, "Mama, sasa anayekufa ni yupi?"

Marehemu akacheka kuliko watazamaji.

Usiku tulimsugua kwa mafuta ya kupikia, vyote vikatoka isipokuwa damu. Rangi ya chakula inaingia kwenye ngozi. Shingo ilitakiwa ipakwe mafuta ya mgando kwanza, na mimi nilishayamaliza kwenye fandesheni. Jumatatu Mjomba akaenda kuuza dagaa wake na alama nne nyekundu za vidole shingoni. Wateja wakampa pole. Mzee mmoja akamvuta pembeni, akamwambia ndoa ni kuvumiliana.

Mke wake wa kweli hajanisemesha mpaka sasa. Dada amenisemesha, maneno mawili tu: "Makopo mangapi?"