Kesi Huharibikia Kwenye Swali la Kwanza

"Mjomba alikushika wapi?" Anayemuuliza hivyo mtoto anayeshukiwa kudhulumiwa kingono mara nyingi ni mama aliyechanganyikiwa au askari mwenye haraka. Sasa litazame swali lenyewe: mtu ameshatajwa, kushikwa kumeshasemwa, na mtoto kaachiwa kutaja mahali tu. Miezi baadaye wakili wa utetezi atalifukua swali hilo mahakamani, na ana haki ya kulifukua.

Watu hulalamika kwamba mahakama haziwaamini watoto. Kisheria hilo limebadilika kuliko wengi wetu tunavyodhani. Uingereza ilifuta mwaka 1988 sharti kwamba ushahidi wa mtoto asiyeapa lazima uungwe mkono na ushahidi mwingine. Kenya, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa kosa la kingono kwa neno la mwathiriwa peke yake, mradi aandike sababu za kuridhika kwamba amesema kweli. Tanzania, tangu 2016, mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli na si uongo.

Kwa hiyo mlango wa kuaminiwa upo. Kinachonisumbua mimi ni neno la mtoto limepita mikononi mwa nani kabla ya kufika kwa hakimu.

Kesi ya shule ya awali ya McMartin, California, ilianza na tuhuma za 1983 kwamba walimu waliwadhulumu watoto kingono. Watoto walihojiwa kwa vikaragosi, wengine wakaambiwa wenzao wameshasema. Kesi ikaisha 1990 bila yeyote kutiwa hatiani. Maswali kama yale humdhulumu mshtakiwa asiye na kosa, na humdhulumu vilevile mtoto aliyeumizwa kweli, maana hakuna tena wa kutenganisha alichokiona na alichopandikiziwa.

Upande wa pili nao una makosa yake. Ripoti ya daktari ikisema hakuna jeraha, utetezi hushangilia. Lakini vitendo vingi haviachi alama, na majeraha ya sehemu za siri za mtoto hupona upesi. Watoto wengi waliodhulumiwa hupimwa wakaonekana wazima kabisa. Halafu kuna tarehe. Mtoto wa miaka sita anaulizwa ilikuwa tarehe ngapi, saa ngapi, mara ngapi. Yeye anajua ilikuwa siku mvua iliponyesha wakashindwa kwenda kucheza. Akikosea tarehe anaitwa mwongo. (Mimi mwenyewe sikumbuki Jumanne iliyopita nilikula nini, na sijawahi kudodoswa na wakili.) Mtoto akilia, amefundishwa, asipolia, hajaumia. Hakimu anayepima ukweli kwa machozi angefaa awe mtazamaji wa maigizo.

Nashawishika na walichofanya Iceland mwaka 1998. Walifungua nyumba ya kawaida, isiyo kituo cha polisi, ambako mtoto huhojiwa na mtaalamu mmoja. Mahojiano yanarekodiwa, na hakimu na wakili wa utetezi wanatazama wakiwa chumba kingine, wakipitishia maswali yao kwa mtaalamu huyo. Wapo watakaosema ni gharama. Kesi inayofutwa kwenye rufaa baada ya miaka minne, mtoto akatakiwa kuanza kusimulia upya, nayo ina gharama yake. Na kinachohitajika kwanza ni chumba tulivu, kinasa sauti, na mtu aliyefunzwa kusema "Niambie kilichotokea", kisha akanyamaza.