Kabla ya kuwasha sona, sikilizeni kwanza

Jana usiku nilivaa hedifoni nikasikiliza rekodi ya nyangumi wa Cuvier, wa ukoo wa nyangumi wenye mdomo mrefu wanaozama kina kirefu, iliyopunguzwa spidi mara kumi, maana sauti yake iko kwenye kilohezi 40 hivi na sikio la mtu linaishia 20. Tk. Unasubiri kama sekunde nne. Tk. Halafu ghafla zinafuatana mbio mbio mpaka unasikia kama bodaboda kwa mbali, hapo ndo kamkaribia ngisi, giza totoro, anamtafuta kwa mwangwi tu. Nimeirudia hiyo sehemu sijui mara ngapi.

Huyu mnyama kumwona kwa macho ni kazi kweli. Mmoja aliyewekewa kifaa alishuka mita 2,992, mwingine kule Cape Hatteras, Marekani, alikaa chini dakika 222, yani zaidi ya saa tatu na nusu bila kuvuta pumzi, na wakitoka juu ni dakika chache wamezama tena. Sasa umempa mtu darubini kwenye meli ya kivita aangalie kama wapo kabla ya kuwasha sona (mitambo inayopiga sauti kali majini kutafuta manowari zilizo chini ya maji), ataona nini, na usiku je? Haidrofoni, yani maikrofoni ya majini, ukiiweka kule chini inamsikia mchana na usiku.

Machi 2000 huko Bahamas nyangumi na pomboo 17 walikwama ufukweni, wengi wa ukoo huu, meli za kivita za Marekani zilikuwa zinatumia sona pale karibu, na ripoti iliyotolewa na jeshi lenyewe pamoja na NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, ilisema sona ndo sababu inayoelekea zaidi. 2002 wakakwama tena, safari hii visiwa vya Canary. Hispania walipiga marufuku sona hizo kuzunguka visiwa vile 2004, na walifanya la maana sana.

Mi naona penye nyangumi hawa haidrofoni zitangulie wiki kadhaa kabla ya mazoezi yoyote ya kijeshi ya sona, sio saa moja, kwasababu wakiwa juu wanakaa kimya kabisa, hawaanzi hizo tk mpaka washuke mita mia kadhaa, kwahiyo kutosikia kitu kwa saa moja haina maana hayupo.

Na wasiseme vifaa hakuna. Hapohapo Bahamas, kwenye bonde refu la bahari liitwalo Tongue of the Ocean, jeshi la Marekani lina haidrofoni sakafuni kwa ajili ya kufuatilia manowari, na ndo hizohizo watafiti walizitumia wakasikia nyangumi wa Blainville, wa ukoo huohuo, wakinyamaza na kuhama sona ilipowashwa, wakarudi siku mbili tatu baada ya mazoezi kuisha.