Kabla hujalipia maikrowevu "ya kuoka", tafuta digrii

Jamani hizi "maikrowevu zenye oveni" zinazouzwa Kariakoo zinanichosha, nyingi ni grili tu. Muuzaji anakwambia dada angu hii inaoka keki, inachoma kuku, inafanya kila kitu, ukimuuliza inaokaje anakuonyesha picha ya kuku kwenye boksi. Sasa picha ya kuku nayo ni ushahidi?

Fungua mlango uchungulie. Ukiona koili imelala juu darini na hakuna kingine, hiyo ni grili, inababua uso wa chakula basi, keki itaungua juu na katikati utakuta uji. Yenye oveni ya kweli ina feni nyuma ya ukuta, utaona vitundu vingi vimekusanyika kwa nyuma au ubavuni, na huko kuna koili nyingine inayopasha hewa halafu feni inaizungusha. Cheki na vitufe. Kama huwezi kuchagua digrii 160, 180, 200, hiyo sio oveni hata akuapie, nenda duka la jirani. Kwenye boksi iwe imeandikwa konveksheni (convection, yaani hiyo hewa ya moto inayozungushwa na feni), na sio grili peke yake.

Mi binafsi nazipenda sana hizi mashine kwa mtu aliyepanga, jiko lenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Inapasha wali, inayeyusha nyama iliyoganda, na jioni unaoka mkate wa kumimina. Huu mkate unataka moto juu na chini, ndo maana bibi zetu wanapalia mkaa kwenye kifuniko, na konveksheni inaupatia vizuri tu: pasha sufuria yako na mafuta kwenye gesi mpaka yapate moto kabisa, mimina uji wako wa mchele na nazi usikie inachachatika pembeni, hapohapo ingiza kwenye oveni ambayo ulishaiwasha ikafika 200. Ila sufuria isiwe na mpini mrefu wala vishikio vya plastiki.

Na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Ukiwa kwenye konveksheni peke yake bati na sufuria ruksa, plastiki ndo marufuku maana itayeyuka. Ukirudi kwenye maikrowevu, plastiki ile ya kupashia sawa lakini bati litapiga cheche. Ile ya kuchanganya vyote viwili (tamu sana kwa kuku, mawimbi yanaivisha ndani huku hewa ya moto inakausha ngozi) soma kitabu chake kwanza, kila kampuni ina masharti yake.

Umeme sasa. Ile wati 900 iliyoandikwa kubwa kwenye boksi ni nguvu inayoingia kwenye chakula, kwenye soketi inavuta zaidi, 1400 hivi, na upande wa oveni nyingi zinapita wati 2000. Soketi ya ukutani ya ampea 13 inabeba, mwisho wake kwa volti 230 ni kama wati 2990, ila ukiichomeka kwenye ekstensheni ya bei chee pamoja na birika la umeme utanusa plastiki inaungua. Wanaoogopa LUKU nao wapige hesabu: kwa sisi tunaopata yuniti 28 kwa elfu kumi, keki ya dakika 40 kwenye wati 2300 ni yuniti moja na nusu, mia tano na kitu, na hapo nimehesabu koili haijazima hata mara moja wakati kiukweli ikifika digrii inazima na kuwaka. Linganisha mwenyewe na kopo la mkaa la mtaani kwako.

Za mtumba kutoka Uingereza na Dubai hazina shida, umeme wao kama wetu na plagi ileile ya pini tatu. Ya Marekani aliyokutumia shemeji kwenye kontena iache, ni volti 120 na hezi 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde), transfoma ya kushusha volti haigusi hizo hezi.

Ukubwa: lita 20 ni ya kupashia. Kuoka anzia 28, na nenda dukani na bati lako la keki mkononi, wacha wakucheke, liweke juu ya kile kisahani cha kioo ukizungushe kwa mkono, maana bati la mstatili likigonga ukuta halizunguki na upande mmoja utaiva kabla ya mwingine.

Kasoro yake kubwa hawakwambii, inafanya kazi moja kwa wakati. Keki ikiwa ndani baba chanja anasubiri wali wake, na keki ikitoka bado ndani kuna moto, bakuli la plastiki huwezi kuweka saa hiyohiyo. Kwa hiyo nyumba ya watu kumi, au anayeuza keki za oda, hii haimfai, anunue oveni ya gesi tu.

Halafu kabla hujatoa hela ulizia spea ya kile kisahani. Kikipasuka, cha saizi nyingine hakikai, na mafundi wengi watakwambia ulete kilichovunjika wakapime.