Ohio waliandikiwa namba, Mpanda tulisubiri huruma

Jamani hili limenikaa moyoni muda mrefu acha niliseme. Mi naishi Columbus, Ohio, na nimezaliwa Mpanda, Tanzania, na kila nikisoma historia ya hili jimbo nakutana na kitu ambacho sisi watu wa pembezoni nyumbani hatujawahi kupewa, yaani sheria inayokwambia wazi kabisa kwamba nyie wa mbali mkifika idadi fulani mnakuwa sawa na wakubwa, hamna cha kumpigia mtu magoti.

Sheria yenyewe inaitwa Northwest Ordinance, ilipitishwa tarehe 13 Julai 1787. Marekani wakati huo ina majimbo 13 tu, katiba wanayotumia mpaka leo bado inabishaniwa kule Philadelphia, na Kongresi ya zamani, yaani bunge lao, inakaa New York. Wana eneo kubwa kaskazini ya mto Ohio, ndo leo Ohio, Indiana, Illinois, Michigan, Wisconsin na kipande cha Minnesota, na swali likawa hawa watakaoenda kuishi kule tunawatawalaje. Wenyewe walikuwa wametoka vitani na Uingereza kwa kuchoka kuamuliwa mambo yao na watu walioko ng'ambo ya bahari. Wangeweza kulifanya lile eneo koloni lao la kudumu, hakuna ambaye angewazuia, ila waliandika njia ya kutokea na mi kwa hilo nawapa heshima yao.

Mwanzoni gavana, katibu na majaji 3 wanateuliwa na Kongresi, mwananchi hachagui kitu. Wakifika wanaume huru watu wazima 5,000 wanachagua bunge lao, ingawa mpiga kura lazima awe na ekari 50, na wanapeleka mjumbe Kongresi ambaye anaongea ila hapigi kura. Wakifika watu huru 60,000 wanaandika katiba yao na kuingia kama jimbo kwa usawa na yale 13 ya kwanza kwenye kila kitu.

Sasa msidhani mambo yalienda kama maji. Gavana wa kuteuliwa alikuwa Arthur St. Clair, na bunge la kwanza lilipokaa Cincinnati mwaka 1799 akawa anakataa miswada yao, na kadhaa kati ya hiyo ilikuwa ya kuanzisha kaunti mpya, akasema kukata kaunti ni kazi yake peke yake! Nilivyosoma hapo nikasimama nikatembea kidogo ndani, maana hiyo lugha naijua. Baadaye akataka eneo ligawanywe upya ili watu wachelewe kufika idadi. Lakini namba ilishaandikwa, walowezi walikuwa na kitu cha kushika mkononi, wakaenda kudai Kongresi, na mwaka 1802 Rais Jefferson akamfukuza kazi. Hesabu ya watu ya 1800 ilikuwa haijafika hata 60,000 ila sheria iliruhusu kuingia mapema Kongresi ikiridhia, na 1803 Ohio ikawa jimbo, maseneta wawili sawasawa na Virginia ya yale 13 ya kwanza.

Njoo nyumbani. Mpanda ilikuwa wilaya ya mkoa wa Rukwa na makao makuu Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200. Wa Dar hawawezi kuelewa hii. Mzee wangu alikuwa na shauri la kiwanja, kila karatasi inataka saini ya mkoani, basi anapanda lori alfajiri, mnapita Sitalike, mnaingia porini Katavi mbung'o wanawala mpaka kwenye kope, masika lori linakwama mnashuka wote kusukuma kwenye tope na mtoni pale viboko wanawaangalia. Anafika Sumbawanga usiku, analala gesti, asubuhi anaambiwa mhusika amesafiri rudi wiki ijayo. Mzee alikuwa analipa kodi kama mtu wa Dar, anapiga kura kama mtu wa Dar, lakini serikali kwake ilikuwa safari ya kuumwa na mbung'o.

Mwaka 2012 ndo tukapata mkoa wa Katavi, pamoja na Geita, Njombe na Simiyu. Tulishangilia na nashukuru mpaka leo. Ila sensa ya mwaka uleule ikasema Katavi tupo zaidi ya laki tano na nusu. Laki tano na nusu! Wale wa Ohio walihitaji elfu sitini kuwa jimbo kamili lenye gavana wa kuchagua wenyewe, sisi na wingi wote ule tumepata mkuu wa mkoa wa kuteuliwa. Najua mkoa na jimbo la Marekani sio kitu kimoja, msinirukie, nchi yetu haina majimbo na sidai tuwe nayo. Nachosema ni kwamba Rais ndo mwenye mamlaka ya kuigawa nchi kwenye mikoa na wilaya, kwa hiyo mwananchi wa mbali kazi yake ni kuomba na kusubiri, hana namba ya kumuonyesha mtu.

Na hapohapo Katavi kuna makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo. Nimesoma na watoto wa wakimbizi wa Burundi wa 1972, wamezaliwa hapo, Kiswahili chao ni changu, na kutoka nje ya makazi walihitaji kibali. Wengi walikuja kukabidhiwa uraia 2014, miaka zaidi ya 40. Nani aliwahi kuwaambia watakuwa sawa na sisi lini?

Lakini siwezi kuisifia hii sheria nikanyamaza kuhusu damu yake. Imeandika kwamba ardhi ya Wahindi Wekundu, yaani wenyeji wa asili, haitachukuliwa bila ridhaa yao, na papo hapo inapanga kuigawa. Makabila yao, Washawnee, Wamiami na wenzao, walipigana, mwaka 1791 walilipiga jeshi la St. Clair huyohuyo wakaua askari zaidi ya 600, ila baada ya mkataba wa Greenville wa 1795 sehemu kubwa ya Ohio ikawa imekwenda, na Wawyandot walihamishwa 1843. Utumwa ilipiga marufuku, hilo ni kubwa sana, ila hapohapo ikaruhusu aliyetoroka kukamatwa na kurudishwa, na Ohio ilipokuwa jimbo ikanyima watu weusi kura, na kuanzia 1804 mweusi akitaka kuishi hapa lazima aonyeshe cheti kwamba yuko huru. Mimi ni mweusi naishi hapa na hilo linaniuma. Na Puerto Rico mpaka leo wana mjumbe Kongresi asiyepiga kura, wao hawakuandikiwa namba.

Kwa hiyo sitaki tuige yote, nataka kile kipande kimoja tu, masharti yaandikwe kwenye sheria na yakitimia serikali isiwe na hiari. Na mi nisingeweka idadi ya watu peke yake, maana ukiweka idadi tu Dar na Mwanza watajikatia mikoa kila mwaka na watu wa Mlele kule Katavi waliotawanyika porini watakaa wanasubiri. Weka na umbali. Mwananchi akitumia zaidi ya nusu siku kwa usafiri wa kawaida kufika kwenye saini, hapo panahitaji wilaya. Nyie mliopo nyumbani mnaofuatilia mambo ya katiba, mngeweka idadi ngapi na umbali gani?