Kombe la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alishinda na mawe maisha yake yote, huko migodini. Chochote kigumu ukimwekea mbele, atakupa jina lake kabla hujakaa. Basi kombe (mnyama wa baharini mwenye gamba la pande mbili) la akwariamu yetu ya maji ya chumvi lilipotua Lubumbashi, mji wetu wa shaba hapa Kongo, kwa ndege, na karatasi ya CITES, ile ya kibali cha viumbe vya pori, iliyosema "Tridacna", yaani jina la ukoo tu, na kunyamaza hapo, hakungoja kuulizwa. Akatoa lupu, kioo chake cha kukuzia.

"Hii ni fosili."

Nikamwambia kwa adabu: Papa, ni mnyama, yuko hai. Tunatafuta tu ni wa aina gani, tujue pa kumweka. Squamosa huridhika chini mchangani, mwanga wa wastani; maxima anataka juu ya mwamba, karibu na taa. Squamosa ana magamba makubwa yaliyosimama na kuachana. Ya huyu ni madogo, yamebanana. Maxima huyu.

"Fosili," akarudia, akainamia beseni ambamo kombe lilikuwa likizoezwa maji.

Kombe hizi zina mamia ya vijicho pembezoni mwa nyama, kazi yao kushtuka kivuli. Na kivuli cha baba mkwe si haba. Likajifunga pap! Maji yakamruka usoni, kwenye lupu, hadi kola ya shati la misa. Sote tukatazama sakafu. Mke wangu alikimbilia jikoni. Huko sahani ikaanguka, au ndivyo alivyotaka tuamini.

Papa akajifuta taratibu. "Liko hai," akatangaza, kana kwamba ndiye aliyegundua.

Tangu hapo akalipenda kuliko wajukuu, na mapenzi hayo ndiyo yaliyotuponza. Asubuhi nikakuta maxima ametolewa mwambani (bahati nyuzi zake hazijashika, maana kuzing'oa ni kumjeruhi) na kukalishwa juu ya malakiti, lile jiwe la kijani linalong'arishwa na kuuziwa watalii. Nyama yake ya buluu yote imejikunja ndani. Malakiti ni madini ya shaba, na shaba kidogo tu majini inatosha kumuua kombe.

Nyumba nzima ikachota maji na kukoroga chumvi, gramu 35 kwa lita. Sufuria nikazikataa kwa kuwa ni za metali, mke akanuna. Umeme nao ukaona ndiyo saa yake ya kuondoka. Kufika jioni kombe likafunguka, rangi ikarudi.

Ikabaki kazi ngumu: kumrudishia mkwe zawadi yake. Nililifunga jiwe kitambaani, nikalitoa kwa mikono miwili, nikaeleza.

"Shaba inamuua?"

"Ndiyo, Papa."

"Hapa Lubumbashi?"

"Ndiyo, Papa."

"Na anakula nini?"

"Mwanga, Papa. Kuna vijimwani vya kahawia ndani ya nyama yake, ndivyo vinavyompikia."

Akamgeukia binti yake. "Bukari, ugali wetu, hali; shaba hataki. Nani alimpa viza?"