Likizo Huanza Siku Fundi Anapokataa Kitambaa

Kwa miaka sita nimeendesha karakana ndogo ya ushonaji na ubunifu wa mavazi Sinza, jijini Dar es Salaam, nikiwa na mafundi wawili, na kwa miaka mitano ya mwanzo sikuwahi kupumzika hata wiki moja kamili. Mafundi wangu walipumzika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 mfululizo yenye malipo, nami niliitekeleza kwa moyo mweupe kwa sababu naamini ni haki yao. Mimi mwenyewe, kwa kuwa sina mwajiri, sikuwa na wa kunikumbusha, nikazoea kuamini kwamba mwenye kazi haendi likizo.

Si kwamba sikujaribu. Mwaka 2023 nilikwenda kwa wazazi wangu Lushoto kwa siku 10, nikidhani kuwa mbali na cherehani kunatosha. Mezani nilikuwa nimeacha vitambaa 17, vyote vimeshalipiwa malipo ya awali, na simu ilianza kuita kabla basi halijafika Segera. Siku ya nne nilikuwa nimesimama mgombani, mahali pekee palipokuwa na mtandao wa kuaminika, nikimwelekeza fundi kwa simu namna ya kukata gauni la mama mzazi wa bibi harusi. Vipimo nilikuwa nimeviandika kwa mkato ninaouelewa mwenyewe, naye akakata kifua kwa kipimo cha kiuno. Kitenge kile mteja aliletewa na nduguye kutoka Kongo, na Kariakoo nzima sikupata kinachofanana nacho. Kosa lilikuwa langu, si la kijana yule. Nilirudi Dar es Salaam kesho yake, nikiwa nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Tangu hapo nimelifikiria jambo hili sana, na nimefikia msimamo ambao nautetea kwa kila fundi, mpiga picha, mchoraji au mpambaji wa kumbi anayenisikiliza. Mwenye duka la rejareja akifunga mlango, mchele na sukari vinamsubiri rafuni, wala hadaiwi neno na mtu. Sisi tunauza kitu ambacho bado hakijakuwapo. Ahadi ni deni, na kila malipo ya awali ninayopokea ni deni linalonifuata popote niendapo, likiwa na tarehe ya harusi na jina la mtu. Kwa hiyo likizo yetu haianzi siku ya kufunga mlango. Huanza wiki kadhaa kabla, siku tunapoacha kupokea kazi mpya.

Mwaka huu nilifanya hivyo. Nilichagua Januari, mwezi ambao wateja wangu wanahangaika na ada na sare za shule, na ambao ulitangulia oda za Idi na za Pasaka. Kitambaa cha mwisho nilikipokea Jumamosi ya Desemba 13, nikakabidhi nguo ya mwisho Januari 3, na karakana ikafungwa kuanzia Januari 5 hadi Februari 1, siku 28 zilezile ambazo sheria inawapa mafundi wangu, nasi sote watatu tukazichukua kwa pamoja. Kukataa kazi katikati ya Desemba, msimu wa harusi, kuliniuma, hasa alipokuja dada mmoja ambaye nimemshonea tangu nilipoanza, nami nikamwambia, “Dada yangu, nisamehe, mpaka Februari.”

Swali ambalo mafundi wenzangu huniuliza kwanza ni la fedha, na wana haki ya kuliuliza, kwa maana kodi ya fremu haina likizo. Kodi yangu ni shilingi 300,000 kwa mwezi, mishahara ya mafundi wawili ni 700,000, nami najilipa 650,000. Jumla ni 1,650,000. Kwa miezi 12 ni shilingi 19,800,000, na nikizigawa kwa miezi 11 ya kazi napata 1,800,000, yaani ongezeko la 150,000 kwa mwezi. Tunashona nguo zipatazo 50 kila mwezi, hivyo likizo ya watu watatu inagharimu shilingi 3,000 kwa kila nguo. Niliziongeza kwenye bei tangu Februari mwaka jana. Wapo waliolalamika, na wateja wawili hawakurudi. Siwalaumu, lakini sijutii.

Kuhusu simu, laini ya biashara niliizima na kuiacha kwenye droo ya karakana, kwa sababu najua nafsi yangu: ningeiona, ningejibu.

Juma la kwanza Lushoto nililala mno. Katika juma la tatu, nikiwa sokoni na mama, niliona jinsi wanawake wanavyokunja khanga begani wanapobeba mizigo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikatamani kuchora kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Nilichora mkono wa gauni unaokunjwa vivyo hivyo; sasa umeshonwa na unaning'inia mlangoni, na pembeni yake nimebandika tangazo la tarehe ya mwisho ya kupokea vitambaa Desemba ijayo.