HTML si lugha ya programu, na hilo si tusi

Wiki iliyopita nilikaa kwenye jopo la usaili. Kijana aliyekuwa mbele yetu alikuwa ameandika kwenye wasifu wake, chini ya kichwa "Lugha za programu": HTML, CSS, JavaScript, Python. Mwenzangu mmoja akaweka kidole kwenye ile ya kwanza, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, akacheka, akamuuliza, "Na hii nayo ni lugha ya programu, kaka? Hiyo ni lugha ya kuweka alama tu." Wengine wakacheka naye. Kijana akajibu kwa sauti ya chini kwamba ataifuta. Kuanzia hapo hakuwa tena yule aliyeingia mlangoni. Maswali aliyoyajua akawa anayajibu kama mtu anayeomba radhi. Mimi sikucheka, lakini sikusema neno pia, na hilo limenikaa rohoni mpaka leo.

Nianze na lile nisilopenda kulikubali: mwenzangu hakukosea. HTML si lugha ya programu. Haina sharti (ikiwa hivi, fanya vile), haina kitanzi cha kurudia kazi, haina pa kuhifadhi thamani ukaibadilisha baadaye. Huwezi hata kuiambia ijumlishe mbili na mbili. Najua wapo watakaoniletea habari ya CSS, lugha ya kupamba kurasa, kwamba ukiiunganisha na HTML, na mtu akakaa akibofya visanduku kwa mpangilio, unaweza kuigiza Kanuni ya 110, kanuni ndogo ya kubadilisha safu ya sifuri na moja hatua kwa hatua, na kwa hiyo kufikia uwezo wa mashine ya Turing, yaani kukokotoa chochote ambacho kompyuta inaweza kukokotoa. Ni kweli, na waliofanya hivyo wana akili nyingi. Ila hapo anayeisukuma mashine hatua kwa hatua ni binadamu, na mimi siwezi kuuhesabu mkono wa mtu kuwa sehemu ya lugha.

Lakini sababu aliyoitoa, kwamba "hiyo ni lugha ya kuweka alama tu," haisimami. TeX, aliyoianza Donald Knuth mwaka 1977, ni lugha ya kupanga kurasa za vitabu, na papo hapo ni lugha kamili ya programu, yenye masharti na makro (vifupisho vya amri) zinazojiita zenyewe. XSLT, lugha ya kubadilisha nyaraka, huandikwa kwa tagi za XML, alama za mabano kama zile za HTML, mwanzo hadi mwisho, nayo inachagua, inarudia, inakokotoa. PostScript je? Ukurasa unaotumwa kwa printa kwa lugha hiyo ni programu, na printa inauendesha ndipo ichapishe. Alama na programu hukaa nyumba moja bila ugomvi. Neno "alama" linatuambia kazi ya lugha, kama vile mhariri wa zamani alivyokuwa akichora alama kwa kalamu kwenye mswada ili mpiga chapa ajue hiki ni kichwa cha habari na hiki ni aya. Halisemi chochote kuhusu uwezo wake.

Kilichoniudhi ni kile kicheko. Kilibeba imani kwamba kisichokuwa programu ni kazi ya wasioweza programu.

Mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna njia ya jumla ya kuichunguza programu yoyote ile ukajua kama itafika mwisho au itazunguka milele. Huo ndio mzigo wa kila lugha yenye nguvu zote: ili ujue itafanya nini, mara nyingi huna budi kuiendesha. Ukurasa wa HTML hauna mzigo huo. Kivinjari kinausoma kutoka juu hadi chini, kinajenga mti wake, kinamaliza. Na kwa kuwa ni maelezo matupu, yeyote anaweza kuyachukua kwa shughuli yake: kivinjari kiyachore, mtambo wa utafutaji uyapange, kisoma skrini kiyatamke. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, waliliandika hili mwaka 2006 kama kanuni: kati ya lugha zinazoitosha kazi, chagua ile yenye nguvu ndogo kuliko zote. Udogo wa HTML ulikusudiwa, na ndio unaoibeba.

Fungua leo ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ule wa Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, kutoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia. Unafunguka. Ukitazama ndani yake utakuta tagi ya `NEXTID` ambayo vivinjari vya sasa havina kazi nayo. Vinairuka na kuendelea kusoma. Hakuna kilichovunjika, hakuna maktaba ya kusakinisha upya. Mimi nina programu zangu za miaka mitano tu iliyopita ambazo siwezi tena kuziwasha bila siku nzima ya kuhangaika.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma kuliko mabishano ya majina. Niliwahi kukaa kando ya dada mmoja asiyeona, mwenzetu kazini, akijaribu fomu tuliyoijenga sisi. Anatumia kisoma skrini na kibodi, hagusi kipanya. Akabonyeza Tab: jina. Tab: barua pepe. Tab: ujumbe. Tab tena, na akajikuta nje ya fomu, kwenye viungo vya chini ya ukurasa. Akarudi nyuma, akajaribu mara ya pili, mara ya tatu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Kaka, kitufe cha kutuma kiko wapi?"

Kilikuwa mbele ya macho yangu, kikubwa, kimepakwa rangi vizuri. Lakini aliyekiandika alikiandika kwa `div`, akakipamba kwa CSS na kukiwekea msimbo wa kusikiliza mbofyo. Kwa kivinjari, `div` ni kisanduku kisicho na maana yoyote. Tab hairuki kwenda pale, Enter haifanyi kitu, na kisoma skrini hakina sababu ya kukiita kitufe. Suluhisho la kwanza tulilolifikiria, maana sisi ni wanaprogramu, lilikuwa kuongeza msimbo: kuilazimisha Tab isimame pale, kusikiliza Enter, kusikiliza kibonye cha nafasi, kutangaza kwamba hiki ni kitufe. Tulifika mistari 30 hivi. Kisha mmoja wetu akafuta yote na kuandika `<button type="submit">Tuma</button>`. Dada akabonyeza Tab, akasikia "Tuma, kitufe," akabonyeza Enter, fomu ikaondoka.

Neno moja sahihi lilifanya kazi ya mistari 30. Kulijua neno hilo, na kujua wakati wake, ni ujuzi. Anayeidharau HTML hajifunzi maneno yake, na asipoyajifunza huandika `div` ndani ya `div` ndani ya `div`, na watu wanaachwa nje ya mlango ambao yeye anauona wazi kabisa. Ndiyo maana nasisitiza isiitwe lugha ya programu: tukiipa heshima kwa kuibandika jina la nyingine, tunakubali kwamba jina hilo ndilo pekee lenye heshima.

Kuhusu wasifu, andika "Lugha" tu, yatosha. Na waajiri wanaotumia orodha hiyo kuwapima watu watafute kipimo kingine.

Usiku wa siku ile ya usaili niliifungua kazi ambayo kijana yule alitutumia kama sampuli, ambayo jopo zima hatukuwa tumeitazama. Niliweka kipanya pembeni nikabonyeza Tab. Kila kisanduku kilikuwa na `label` yake, jina ambalo kisoma skrini hulitamka. Kila picha ilikuwa na maelezo yake. Kitufe cha mwisho kilikuwa `button`. Asubuhi nilimwandikia mwenyekiti wa jopo nikimwomba tumwite tena, na safari hii swali la kwanza niulize mimi.